Anasomwa na wote. Lakini nani ameandika juu yake?

Wiki mbili zilizopita, vijana watatu wa Kolwezi walifika mu ofisi yetu, simu mukononi na hasira ku uso. Walikuwa wameandika ukurasa mu Wikipedia, kwa Kifaransa, juu ya mwandishi mumoja ambaye wengi wenu munamujua. Ni yule kijana mwenye kuandika visa vya mugodi mu Kiswahili chetu, kipande kwa kipande, mu simu. Kila siku ya posho jioni kipande kipya kinatoka, na mbele watu walale kimekwisha kufika Likasi, Fungurume, Kasumbalesa, mpaka kwa ndugu zetu wa ngambo ya mupaka, ku Zambia. Tumeona kwa macho yetu mama mumoja mwenye kuuza mikate ku mulango wa kampi akiwasomea wenzake kwa sauti, na wateja wakisimama kungojea amalize. Kuko gazeti gani linasomwa vile? Letu hapana.

Ukurasa ule ulidumu siku kumi. Kisha wale wanaochunga ile ensiklopedia walifungua mujadala, wakazungumuza siku nyingine kidogo, wakaufuta.

Vijana wakatuambia: wanatuzarau juu tuko watu wa mugodi. Angekuwa mutu wa Paris wangemuacha. Wakaomba tuandike leo leo makala moja nzuri, yenye picha, ili wao warudi kule nayo na kusema: muone, gazeti limeandika.

Hatutaandika jina la mwandishi huyo mu ukurasa huu. Sababu ziko mbili, na mutazisoma mbele ya kumaliza. Lakini swali la vijana ni la kweli na linastahili jibu lenye kutafutwa. Mutu mwenye kusomwa na maelfu mu simu, anastahili kuandikwa mu ensiklopedia ao hapana? Na nani mwenye kuamua?

Tuseme wazi: siku ya kwanza sisi pia tulikasirika. Siku ya pili tulisoma ule mujadala wote, kutoka juu mpaka chini, na hasira ikapungua kidogo. Hatukuona mutu aliyemutukana kijana wetu. Hatukuona aliyesema Kiswahili cha Katanga ni luga ya bule. Tuliona watu wanauliza neno moja tu, wakilirudilia: nani mwingine ameandika juu yake? Na tuliona majibu ya upande wetu. Ya kwanza: ana wafuasi wengi. Ya pili: watu wanamupenda. Ya tatu: picha yake amesimama pamoja na deputé. Ya ine: makala mbili kutoka ku intaneti, na hizo makala mbili, tukizilinganisha, ziko mamoja neno kwa neno, hata kosa la herufi ni lile lile. Kila mutu mwenye kufanya kazi hii yetu anajua maana yake. Makala imelipiwa, ikatumwa huku na huku.

Pale wenye kujadili wakafunga mulango. Sisi tungefanya nini pa nafasi yao?

Tuanzie mbali kidogo. Ensiklopedia, ao kamusi elezo vile Watanzania wanaiita, ni kitabu chenye kukusanya yale yaliyokwisha kuchunguzwa na kuandikwa na wengine. Ile yenye sifa kubwa ya zamani ilitoka Ufaransa, tokea mwaka 1751 mpaka 1772: volumu 17 za maandishi na 11 za picha. Mukubwa wa kazi ile alikuwa Denis Diderot, pamoja na d'Alembert ku mwanzo. Baba yake Diderot alikuwa fundi wa kutengeneza visu, ku muji wa Langres. Pengine ni juu ya ile Diderot hakuona haya kuingia ku atelié za mafundi na kuuliza kazi inafanywa namna gani. Mu zile picha muko watu wenye kuyeyusha chuma, wenye kuchimba, kamba, ngazi, mitungi ya kutoa maji mu shimo. Kwa hiyo asitokee mutu kutuambia kwamba mugodi si jambo la kitabu kikubwa. Mugodi uliingia mule zaidi ya miaka 250 iliyopita.

Wikipedia ilianza tarehe 15 Januari 2001. Ile ya Kiswahili ilianza 2003. Ile ya Kifaransa leo imepita makala milioni mbili na nusu. Haina mukubwa mwenye kutia sahihi ku kila ukurasa. Mutu yeyote anaweza kuandika, hata wewe unayesoma hapa ukingojea bus ya kupeleka watu ku kazi. Na ni juu ya hiyo wameweka sheria. Kama kila mutu anaweza kuandika, kila mutu atajiandika mwenyewe. Atamuandika mupenzi wake. Atamuandika pasta wake, na bei ya muujiza mu kona.

Sheria yao kubwa, tukiitoa mu maneno yao magumu, ni hii: ili mutu apate ukurasa, lazima watu wengine, wasiokuwa yeye, wasiolipwa naye, wasiokuwa jamaa yake, wawe wamekwisha kuandika juu yake kwa urefu, mu gazeti ao kitabu chenye kuaminiwa. Ku Wikipedia ya Kifaransa wanaongeza jambo: zile makala ziwe mbili hivi ao zaidi, mu magazeti yenye kufika mu inchi nzima ao mu ulimwengu, na kati ya ya kwanza na ya pili ipite angalau miaka miwili. Ile miaka miwili iliwaudhi sana vijana wetu. Lakini fikirini. Ni wangapi walikuwa na sifa mu simu zetu 2022, na leo hata jina lao hatulikumbuke?

Bacreuseurs wanajua sheria hii kuliko maprofesa. Ukifika ku depot na mufuko wako, négociant anatoa ile mashine ya kupima teneur, ile tunaita Metorex, anaigusisha ku mawe, anakuambia: moja nukta mbili. Unakubali? Unasema: mashine ni yako, mukono ni wako, hesabu ni yako. Unabeba mufuko unaenda ku depot nyingine, unapima tena, na kama kuko mashine ya cooperative unapima mara ya tatu. Kila creuseur mwenye akili anafanya vile. Basi wale watu wa ensiklopedia wanafanya hivyo tu. Hesabu ya wafuasi ni mashine ya mwenye mufuko. Wafuasi wanauzwa, kuko watu mu Lubumbashi wanaowauza kwa maelfu, bei ni chini ya bei ya chupa ya bia. Makala ya kulipiwa nayo ni mashine ya mwenye mufuko. Hatusemi kwamba mufuko hauna shaba. Tunasema kipimo ni cha upande mumoja.

Na hapa tusiruke jambo lenye kutuuma sisi waandishi wa magazeti. Kila mutu mu Kongo anajua neno coupage. Mukutano umekwisha, mwenye mukutano anagawanya envelope, anasema ni ya transport. Muandishi ana watoto, mushahara wake haukutoka tokea miezi, anaikamata. Kesho yake makala inatoka, tamu kama munkoyo ya asubui. Tulizania coupage inaharibu siasa tu. Kumbe inaharibu pia njia ya mutoto wa mugodi kuingia mu kitabu cha dunia. Juu siku gazeti la Kongo linapelekwa kama ushahidi, mutu wa mbali anauliza: hii ililipiwa? Na hatuna cha kumujibu kwa kiburi. Yule mwenye kipaji cha kweli analipa deni la wale wote walionunua sifa.

Basi je, kufuta kulikuwa kwa haki? Kwa ule ukurasa, vile ulikuwa, ndiyo. Tunajua vijana watatusoma na hawatafurahi. Lakini tungewadanganya tungesema vingine.

Sasa tugeuze jiwe, tuone upande wa pili, juu upande wa pili una moto.

Sheria inasema: wengine wawe wameandika juu yako. Muzuri. Lakini wengine wale ni nani, na wanaangalia wapi? Mwaka 2018 mutu mumoja alitayarisha ukurasa wa Wikipedia ya Kiingereza juu ya mwanamuke wa Kanada, Donna Strickland, mwalimu wa fizikia ku Université ya Waterloo. Mu mwezi wa tano ulikataliwa: ushahidi wa kuonyesha umuhimu wake hautoshi. Tarehe 2 Oktoba mwaka ule ule alipewa Nobel ya fizikia, pamoja na Arthur Ashkin na Gérard Mourou, juu ya kazi ya mwangaza wa laser. Alikuwa mwanamuke wa tatu tu kupata ile zawadi ya fizikia tokea ianze. Ukurasa wake ukatokea siku ile ile, mbio mbio. Kazi yenye kumupatia Nobel alikuwa ameifanya mu miaka ya 1980. Haikubadilika kati ya mwezi wa tano na wa kumi. Kilichobadilika ni kwamba magazeti yalianza kumuandika. Katherine Maher, aliyekuwa akiongoza Wikimedia wakati ule, alijitetea kwa kusema kwamba ensiklopedia ni kioo: inaonyesha makosa ya dunia, haikuyaanzisha. Ni kweli nusu. Kioo hakikutia kovu ku uso wako. Lakini mutu mwenye kusimama inje ya kioo, kioo hakimuone hata kidogo.

Na watu wa Katanga wamesimama inje ya kioo tokea zamani. Chukueni André Yav. Alikuwa boy, mutumishi wa nyumbani mwa wazungu ku Elisabethville, leo Lubumbashi. Mwaka 1965, kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani, aliandika historia ya muji mu Kiswahili cha muji, akaiita Vocabulaire. Karatasi zenye kupigwa ku mashine, zikagawanywa mukono kwa mukono. Mutu wa leo angesema: aliipartagé. Hakuna editeur, hakuna gazeti lililoisifu. Kwa sheria ya ensiklopedia, mwaka 1966 André Yav asingekuwa mutu. Ilipita miaka 25 mpaka mwaka 1990 mwana-antropolojia Johannes Fabian akaitoa mu kitabu, pamoja na tafsiri na maelezo, na hapo wataalamu wa ulimwengu wakaanza kuitaja kama maandishi makubwa ya historia ya mukoloni yenye kusemwa na wale waliobeba sahani. Kama zile karatasi zingeoza mu sanduku, leo hatungejua hata kwamba zilikuwako.

Tshibumba Kanda Matulu, vile vile. Aliuza picha zake mu nyumba za watu wa kazi, picha za Lumumba, za mukoloni, za migodi. Mu 1973 na 1974 alipakaa historia yote ya inchi, picha zaidi ya mia moja, na kitabu juu yake kilitoka 1996. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kupotea ku mwanzo wa miaka ya 1980. Na Jean-Bosco Mwenda, yule wa gitare: sauti yake ilitoka Jadotville, ndiyo Likasi, ikafika ulimwenguni juu mu 1952 Hugh Tracey alipita na mashine yake ya kurekodi. Angepita muezi wa nyuma ama njia nyingine?

Tunataja hawa watatu kwa sababu wote watatu waliingia mu kitabu kwa mukono wa mugeni. Hatuwalaumu wageni, bila wao tungekuwa na mikono mitupu. Lakini angalieni namna gani wanaotuandika siku hizi wanatuandika. Juu ya Kolwezi na cobalt kuko vitabu, mafilme, rapoti ndefu. Mu 2023 Siddharth Kara alitoa kitabu kizima mu Marekani, na wengi wakakisoma. Mule creuseur yuko. Yuko na matope mpaka kifua, yuko na mutoto mugongoni, yuko na jina la kubadilishwa. Analia, anachimba, anakufa. Haandike. Hachekeshe watu. Na kijana wetu anachekesha watu, na siku ya posho wanamungojea kuliko mushahara. Creuseur mwenye kalamu hakuna rapoti inayomutafuta, juu hakuna mutu mwenye kulipa rapoti juu ya kicheko. Basi ushahidi mwingi uko juu ya mugodi, na ushahidi kidogo sana juu ya akili ya watu wa mugodi. Ensiklopedia inajazwa na ule ulio mwingi.

Na sisi wenyewe? Tulifungua archives zetu, tukatafuta jina lake. Bei ya cobalt tumeandika kila juma. Grève, tumeandika. Mawaziri waliokuja kukata ruban, tumeandika na picha tatu tatu. Juu ya kijana mwenye kusomwa kuliko sisi, mu miaka yote hii: hakuna hata mustari. Mu ukurasa wa Kiswahili, hakuna. Vijana watatu walikuja kutulilia juu ya watu wa mbali, na kosa la kwanza lilikuwa mu meza yetu. Gazeti la sosyete lingeweza kumusifu, sawa vile Mwana Shaba, tokea 1957, ilikuwa ikitoa picha za mufanyakazi muzuri. Lakini pale ni bwana kazi anapima mufuko wake mwenyewe. Ilikuwa kazi yetu sisi, na hatukuifanya.

Kuko wale wanaosema: tatizo ni intaneti. Kitabu ni kitabu, maneno ya mu simu ni upepo. Hatukubaliane nao. Andy Weir, Mumarekani, aliandika kisa cha mutu aliyeachwa peke yake ku sayari ya Mars, akakitia sura kwa sura mu intaneti, bule, watu wasome. Wasomaji wakamuomba awawekee namna ya kukisoma mu mashine ya Kindle. Mu 2011 akakiuza kwa senti 99. Mu 2014 kikatoka mu duka za vitabu, mu 2015 kikawa filme ya Ridley Scott. Maneno yalikuwa mamoja. Sasa, mutu mwenye kumuandikia Weir ukurasa wa ensiklopedia mu 2010 angefutwa, sawa vile wetu, na isingekuwa na maana kwamba kisa ni kibaya. Ilikuwa na maana: bado. Neno "bado" linauma mutu mwenye njaa, tunajua. Lakini si neno "hapana," na vijana wetu walilisikia kama "hapana".

Wengine wametuambia: basi tumutie mu Wikipedia ya Kiswahili, kule hakuna watu wakali. Tusifanye vile. Nayo inachungwa na watu wa kujitolea, wengi wao mbali na hapa, na wanafanya kazi kubwa na mikono michache. Tukiwapelekea mufuko ule ule usiopimwa, tutawaharibia kazi tu, na siku ya kuleta wa kweli hawatatuamini. Kama vijana wanataka kuandika mule, na tunaomba waandike, mambo yenye ushahidi yako mengi yanayongojea: historia ya kampi zetu, magonjwa ya vumbi, namna ya kuyeyusha mukuba zamani, timu za mupira.

Tulisema sababu mbili za kuficha jina. Ya kwanza mumekwisha kuielewa: hii ni éditorial, ni maoni yetu, haikumuchunguza mutu. Tukitia jina, kesho asubui mutu atabeba ukurasa huu kama ushahidi, na itakuwa kumudanganya yule mwenye kusoma. Ya pili ni nzito kuliko ile. Siku tatu kisha vijana kuondoka, alikuja mama yake mwandishi. Alitoka Kolwezi na bus ya asubui. Alikaa pa kiti, akakataa maji, akasema: Papa, nasikia munataka kumutia mutoto wangu mu kitabu cha dunia nzima. Muache kwanza niwaambie. Akatueleza kwamba lile jina watu wanalolijua si lile alilobatizwa nalo. Mu visa vyake kuko mukubwa wa cooperative anayekula nusu ya mufuko, kuko polisi wa mugodi anayeomba "ya sukari" ku barrière, kuko mwenye shimo aliyejua kwamba udongo utaanguka na akawateremusha watu. Ni visa. Lakini kila mumoja ku chantier anajua ni nani anasemwa. Kijana bado anateremuka mu shimo siku tatu kwa juma. Ule ukurasa uliofutwa ulikuwa na jina lake la kweli, mwaka wa kuzaliwa na quartier anayolala.

Mama aliuliza: ule mutu aliyeufuta, munaweza kumupelekea aksanti yangu?

Hatukuwa tumefikiri juu ya hiyo hata mara moja. Wala sisi, wala vijana, ambao walifanya yote kwa upendo. Wala, tukisema kweli, wale wenye kujadili, juu walifuta kwa sababu nyingine. Sheria za ensiklopedia zinaomba kuangalia sana mambo ya siri ya mutu mwenye kuwa hai, na pale sheria iko muzuri kuliko sisi wote. Sifa ni kitu kimoja mu Paris. Ku chantier ni kitu kingine: mutu anaweza kukosa kazi juu yake, na zaidi ya kazi.

Basi hii ndiyo tumeamua. Makala ya sifa ya leo leo, hatuandike. Tutamutuma muandishi wetu mumoja, mwanamuke, mwenye kusoma vile visa vyote kutoka mwanzo. Bus yake tutalipa sisi, chakula chake sisi, na akipewa envelope ataiacha pa meza. Ataongea na wasomaji, na wale wasiompenda pia, juu wako: mama fulani wenye kusafisha mawe ku muto wametuambia kwamba kisa chake juu yao kiliwachekesha watu vibaya, na kwamba hakuna hata mumoja kati yao anayesema vile yeye amewasemesha. Hiyo itaandikwa. Makala isiyo na hiyo haipime kitu. Ataulizwa mwenyewe kama anataka kuandikwa, na kwa jina gani. Akisema hapana, tutaandika juu ya visa na tutamuacha yeye mu kivuli chake. Kisha miaka miwili tutarudi tena, tuone kama bado anaandika na kama bado anasomwa. Kama gazeti letu linafika kimo cha kuhesabiwa kuwa ushahidi, hilo wataamua wao. Tutawaandikia pia wenzetu wa Kinshasa, magazeti na redio, waje wajionee. Mashine moja haitoshi.

Kuko jambo moja halingoje miaka miwili. Mwandishi alipoteza simu yake ya kwanza mu shimo, na akaunti ya zamani ilifungwa. Vipande vya mwanzo, karibu vya mwaka mzima, yeye mwenyewe hana tena. Mama anasema viko mu simu za watu. Wewe uliyevipokea wakati ule, angalia mu simu yako ya zamani, hata ile yenye kioo cha kuvunjika iliyolala mu kabati. Usifute kitu. Ofisi yetu iko wazi kutoka siku ya kwanza mpaka siku ya tano, tutavinakili pale pale mbele ya macho yako na kukurudishia simu yako. Ku Kolwezi, yule mama wa mikate ku mulango wa kampi amekubali kupokea, na hatamuuliza mutu jina.